Kabla Hujakopa Pesa za Taa ya Tatu

Nitaanza na msimamo wangu ili usije ukausubiri mpaka mwisho: mpiga picha anayefungua studio Kisii au Nyamira anahitaji taa moja. Moja tu. Ya pili inunuliwe siku ile unaweza kutaja kwa sentensi moja kazi itakayofanya. Ya tatu, wengi wetu hatutaihitaji, na siku tukiihitaji tutaazima.

Najua vile hii itapokelewa. Wapiga picha vijana wakikutana, iwe ni Getembe mjini, Keroka ama Nyamira, swali la "nianze na taa ngapi?" linajibiwa "tatu" bila mtu kufikiria, kana kwamba taa ni mafiga. Sufuria bila mafiga matatu inamwaga ugali, hapo sibishani. Lakini uso wa mtu haujawekwa juu ya mafiga.

Swali ambalo huwa haliulizwi ni hili: hiyo tatu ilitoka wapi? Nani aliamua, mwaka gani, na alikuwa na shida gani? Taa hazikuingia studio kwa sababu zinapendeza. Kila moja ililetwa na mtu aliyekuwa na shida fulani, mahali fulani. Ukiijua hiyo historia, unaweza kujiuliza kama shida yao ndiyo shida yako. Usipoijua, utanunua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, tena kwa mkopo.

Hapo kwa mkopo ndipo hii stori inaniuma, na tutafika huko. Kwanza turudi nyuma kidogo.

Studio zilianza bila taa hata moja

Upigaji picha ulitangazwa kwa umma huko Paris mwaka 1839. Miaka ya mwanzo kamera ilikuwa nzito kwa kila namna: ulikaa bila kutikisika kwa muda mrefu ndiyo sura yako ishike. Balbu ya umeme haikuwepo. Kwa hivyo studio za Ulaya na Marekani zilijengwa juu kabisa ya majengo, chini ya paa la vioo. Mwanga ulikuwa mmoja, nao ni jua. Mpiga picha aliupunguza kwa mapazia na kuurudisha upande wa kivuli kwa kitambaa au ubao mweupe. Studio nzima ilikuwa hiyo.

Hapo pia ndipo sheria ya "dirisha la kaskazini" ilizaliwa. Ulaya jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hivyo dirisha linalotazama kaskazini halipigwi na miale moja kwa moja. Mwanga wake ni mpole, na haubadiliki sana kutoka asubuhi hadi jioni. Vitabu vikaandika, walimu wakafundisha, na wapiga picha wakasafiri na hiyo elimu duniani kote. Kabla karne ya 19 haijaisha, familia ya Gomes kutoka Goa tayari ilikuwa na studio Zanzibar, ikipiga picha za masultani, wafanyabiashara na mitaa ya Mji Mkongwe.

Sasa ichukue hiyo sheria uilete Kisii uone vile inavunjika. Mji wetu uko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Kutoka mwisho wa Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini. Miezi ile mingine linapita kusini. Maanake ni kwamba dirisha lako tulivu mwezi wa sita ni lile linalotazama kusini, na mwezi wa kumi na mbili ni lile la kaskazini. Kijana wa Kisii akifuata kitabu cha London, nusu ya mwaka jua linampiga mteja wake usoni na hajui amekosea wapi. Kitabu hakikusema uongo, ni vile tu hakikuandikiwa Kisii.

Halafu kuna saa sita mchana. Hapa kwetu jua linakaa karibu juu ya utosi, macho yanazama kwenye vivuli, pua inachora masharubu ambayo mtu hana. Dawa yake kila mtu kwetu anaijua hata kama hajawahi kushika kamera: ingia barazani. Chini ya mabati yaliyochomoza mbele ya nyumba, mwanga hautoki tena juu, unaingia kwa upande, umepoa, mpana. Baraza ni studio. Haina bili ya stima wala haina kodi.

Taa ya kwanza ililetwa na moshi wa London

Mwaka 1877, mpiga picha anayeitwa Henry Van der Weyde alifungua studio ya umeme mtaa wa Regent, London. Shida yake ilikuwa nini? Majira ya baridi ya London: giza linaingia mapema, anga imejaa moshi wa makaa na ukungu, paa la vioo halina kazi. Akaleta taa kali ya umeme na kuiweka ndani ya bakuli kubwa la kuakisi mwanga, ili nuru itoke ikiwa pana kama ya dirisha. Usiwaze seti ya taa kushoto, kulia na nyuma. Alichokuwa anatafuta ni dirisha moja ambalo halizimwi na ukungu.

Miaka 10 baadaye, 1887, Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwanga mkali. Hiyo ndiyo flashi ya kwanza iliyoenea. Mwandishi Jacob Riis aliitumia New York kuingia usiku kwenye vyumba vya maskini waliobanana, na mwaka 1890 akatoa kitabu kilichoonyesha matajiri vile wenzao wanaishi. Hiyo flashi ilikuwa hatari, na Riis mwenyewe aliwahi kuwasha moto nyumba aliyokuwa akipiga picha. Lakini angalia shida: chumba hakina mwanga kabisa, na picha lazima ipatikane. Taa moja ikatatua.

Karibu mwaka 1930 zikaja balbu za flashi za kutumika mara moja na kutupwa. Miaka hiyohiyo ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT Marekani alikuwa akikuza flashi ya umeme inayoweza kuwaka tena na tena, kwa muda mfupi mno, mpaka tone la maziwa likasimama hewani kwenye picha. Shida yake ilikuwa kasi.

Umeona mpangilio? Ukungu. Giza. Kasi. Kila taa ina jina la shida iliyoileta, na mpaka hapo bado hatujahesabu tatu.

Tatu ilitoka kwa sinema

Tatu ilitoka Hollywood. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, watengenezaji wa filamu walizoea mpangilio ambao mpaka leo unafundishwa kila mahali: taa kuu inayochora uso, taa ya pili ya kulainisha kivuli, na taa ya nyuma ya kumetesha nywele na mabega. Ilikuwa na sababu yake. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mtu mwenye nywele nyeusi na koti jeusi akisimama mbele ya ukuta mweusi, anamezwa. Hakuna rangi ya kumtenganisha na kilicho nyuma yake. Ile taa ya nyuma ilikuwa ni ukingo, kama mstari wa kalamu unaosema "mtu anaishia hapa, ukuta unaanzia hapa." Tena filamu zenyewe zilikuwa zinataka mwanga mwingi, na mwigizaji alikuwa anatembea. Ukimwangazia hapa, akihama lazima bado aonekane.

Pwani yetu iliipokea hiyo sinema kwa mikono miwili. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Mombasa, katikati ya karne, kulikuwa na studio ya N. V. Parekh. Tafuta picha zake uone: mabibi harusi, marafiki wawili wamevaa suti, vijana wamepozi kama nyota wa filamu za Kihindi, vivuli vimepangwa, nywele zinang'aa. Picha tamu sana. Wateja wa Parekh walitaka kuonekana kama watu wa kwenye pazia la sinema, na sinema ilikuwa hapo hapo mjini, na umeme ulikuwepo, na pesa za kulipa zilikuwepo. Taa zake zilikuwa jibu sahihi kwa swali la wateja wake.

Kwa hivyo siwatukani watu wa taa tatu. Ninachosema ni kwamba ule mpangilio ulikuwa suluhisho la filamu isiyo na rangi. Wewe unapiga picha za rangi. Mteja wako mwenye nywele nyeusi akimezwa na ukuta mweusi, una dawa ya bei rahisi kuliko taa: badilisha ukuta. Leso ya njano nyuma yake inafanya kazi ya taa ya tatu, na haihitaji chaji.

Wakati huohuo, kwenye ua wa Bamako

Acha nikutoe Afrika Mashariki dakika moja. Huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 na kuiendesha mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Leo picha zake ziko kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa, na kitambaa cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake. Na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja. Mara moja! Sisi tunapiga mia tatu tukitafuta moja ya kuposti.

Pesa za Keïta zilienda wapi kama hazikwenda kwa taa? Aliweka vitu ambavyo wateja wangependa kuonekana navyo: saa, redio, kalamu, pikipiki ndogo, mavazi. Na alitumia muda kumpanga mtu: mkono hapa, bega geuza, kidevu juu kidogo. Alielewa kwamba mteja analipia vile yeye mwenyewe ataonekana, na hajali una vifaa vingapi nyuma ya kamera.

Hata Kenya hii yetu tuna mfano. Miaka ya 1990, pale feri ya Likoni, Mombasa, kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vya mbao vilivyo wazi mbele. Wengi wao walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta. Nyuma ya mteja walichora au kubandika ndege, meli, majumba marefu, maua. Mtu aliyeshuka kazini anapita, anapigwa picha akiwa "safarini", anatuma kwao. Watafiti wameandika kurasa nyingi kuhusu hivyo vibanda, na stori yenyewe haikuwa taa. Ni ndoto iliyokuwa nyuma ya mteja.

Ngozi yetu, na kosa la kuongeza taa

Kuna hoja moja nzito ya upande wa pili, na lazima niiheshimu. Wengine wanasema: "Ngozi nyeusi inahitaji taa nyingi." Hiyo imani haikutoka hewani. Kwa miongo mingi Kodak ilisambazia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Rangi zikipendeza kwake, mashine imekaa sawa. Mtu mweusi akipita kwenye mpango huo, uso unatoka kama kivuli chenye meno. Mkiwa weusi na weupe kwenye picha moja, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwa hivyo mpiga picha wa Afrika aliyeongeza mwanga alikuwa anapigana na filamu iliyotengenezwa bila kumfikiria mteja wake.

Lakini kamera uliyonayo leo, hata ya simu, siyo ile filamu. Na hata enzi hizo, idadi ya taa haikuwa dawa kamili. Ngozi nyeusi inapendeza kwa namna inavyorudisha mwanga: ule mng'ao kwenye shavu, kwenye paji, kwenye mfupa wa pua. Ukiweka taa ndogo kali, mng'ao unakuwa doa jeupe. Ukiweka mwanga mpana, mng'ao unatanuka na sura inapata umbo. Kwa hivyo kinachohitajika ni upana. Taa moja nyuma ya shuka jeupe la mita mbili inampendeza magokoro wako kuliko taa tatu kali zinazompiga kila upande mpaka uso unakuwa bapa kama kadi ya benki.

Picha ya kwanza ya magokoro

Na kwa vile nimemtaja magokoro, tuje nyumbani sasa.

Historia ya uso wa mtu wa kawaida Kenya imefungwa na serikali. Sheria ya mwaka 1915 ndiyo iliyoleta kipande: wanaume Waafrika wakavalishwa shingoni kijisanduku cha chuma chenye karatasi ya jina, kazi na alama za vidole. Mkoloni hakuwa na haja na sura yao. Wanawake hawakuhesabiwa hata kwenye mfumo uliofuata, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978 ndiyo nao waanze kusajiliwa na kupewa kitambulisho.

Fikiria hiyo. Kuna akina mama kwenye milima yetu ambao mara yao ya kwanza kukaa mbele ya kamera peke yao ilikuwa ni kwa sababu ya kitambulisho. Walikaa kwenye stuli, wakaambiwa wasicheke na waangalie mbele, na kazi ikaisha. Studio nyingi za miji midogo ziliishi kwa hiyo kazi: picha za kitambulisho, za shule, za leseni, za barua ya kazi.

Na ukienda matanga Bonchari au Kitutu Chache, ukishikilia ile karatasi ya ratiba ya mazishi, angalia picha ya mbele. Mara ngapi ni uso uliokatwa kutoka kitambulisho, ukakuzwa mpaka ukawa ukungu? Ama umekatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, mkono wa jirani bado uko begani? Mtu ameishi miaka 80, amezaa, amelima chai, ameimba kwaya, na familia nzima haina picha moja aliyopigwa kwa ajili yake mwenyewe.

Hapa ndipo hesabu ya taa inakuwa jambo la maana. Kila taa unayonunua, mteja ndiye anayeilipa. Hakuna mwingine. Tuseme, kwa mfano tu, seti ya taa tatu imekugharimu 45,000, na picha moja baada ya kuchapisha inakuachia 150. Utapiga picha 300 ndiyo seti ijilipe, kabla hujala, kabla hujalipa kodi, kabla ya riba kama ulikopa. Taa moja ya 12,000 inajilipa kwa picha 80. Mwenye picha 300 kichwani atapandisha bei, lazima. Na bei ikipanda, wa kwanza kuondoka kwenye foleni ni magokoro. Bibi harusi atabaki. Mwanamuziki atabaki. Yule mama wa kuuza ndizi Daraja Mbili atasema "siku nyingine", na sisi tunajua siku nyingine huwa inafika na jeneza.

Hesabu ya chumba chetu

Sasa mambo ya kazi, ndiyo usiseme nimekupa historia bila chakula.

Studio yako ya kwanza itakuwa chumba cha futi 10 kwa 10. Hicho ni chumba cha karibu mita tatu. Ukiwasha taa moja ndani yake na kuta zikiwa nyeupe, mwanga unagonga ukuta wa pili na kurudi. Huo ukuta ni taa yako ya pili, umeshaulipia kwa kodi. Ukiwasha taa tatu hapo, kila moja inagonga kila ukuta, vivuli vinapotea, na unaanza kununua vitambaa vyeusi ili kuzima mwanga uliokopa pesa kuuwasha.

Mwanga unapungua haraka kwa umbali. Ukiuhamisha kutoka mita 1 hadi mita 2, unabaki robo. Kwa mita 3, unabaki moja ya tisa. Tumia hiyo. Mteja akiwa mita 1 kutoka kwa taa, na ukuta uko mita 3 kutoka kwa taa hiyo hiyo, ukuta mweupe unageuka kijivu kizito bila rangi wala pazia. Msogeze mteja karibu na ukuta, nao unakuwa mweupe tena. Taa moja, kuta mbili.

Kwa familia kubwa, wengi wanakosea hapo. Wanaweka taa karibu, wa mbele anaungua, wa mwisho yuko gizani, halafu wanasema taa hazitoshi. Ukiweka taa mita 1 kutoka kwa mtu wa kwanza na mita 4 kutoka kwa wa mwisho, wa mwisho anapata moja ya kumi na sita. Irudishe nyuma mpaka iwe mita 6 kutoka kwa wa kwanza na 9 kutoka kwa wa mwisho, iinue juu, na wa mwisho anapata karibu nusu. Taa yenye nguvu itaweza. Shida ilikuwa ni mahali ilipowekwa.

Taa ya pili inahitajika lini basi? Nitakuwa mkweli: picha za pasipoti. Zinataka uso ulioangazwa sawasawa pande zote, bila kivuli usoni wala nyuma. Unaweza kuzipata kwa dirisha na ubao mweupe, lakini ukiwa na foleni ya wanafunzi kabla shule zifunguliwe, taa mbili kushoto na kulia zinakuokolea masaa. Hiyo ni shida yenye jina, na pesa yake inaonekana. Nunua. Sababu nyingine ni mvua: hapa milimani tunapata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mara nyingi mawingu yanafunga alasiri, hasa Machi hadi Mei. Lakini hiyo ni sababu ya kuwa na taa moja nzuri inayotumia betri, kwa sababu mvua hiyo hiyo ndiyo inaondoka na stima.

Na ukitaka shule ya bure ya mwanga, panda matatu mpaka Tabaka. Mchongaji wa mawe ya sabuni akitaka kuona kama kiboko chake kimelainika, anakigeuza kwenye mwanga wa upande mmoja mpaka kila mkwaruzo ujitokeze. Hakitazami kikiwa kimezungukwa na mwanga, kwa sababu mwanga wa pande zote unaficha umbo. Piga picha ya huo mchongo kando ya mlango, weka karatasi nyeupe upande wa kivuli, na utakuwa na picha ambayo mnunuzi wa ng'ambo anaweza kuagizia. Biashara nyingi za vijana huko zinakwama kwa picha mbaya, na tiba yake ni mlango na karatasi.

Swali lenyewe

Tangu 2015, mradi wa Last Mile uliposhusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka 35,000 hadi 15,000, nyaya zimefika vijiji ambavyo wazazi wetu walisomea kwa koroboi. Studio zinaweza kufunguliwa mahali ambapo hazikuwahi kuwepo. Hii ni nafasi ambayo Oza na Parekh hawakuwa nayo nje ya miji yao. Ingekuwa hasara kubwa kama tungeitumia kujenga studio kumi zinazofanana, zote na taa tatu, zote na deni, zote zikigombania harusi zile zile za Jumamosi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Baraza ni mbachao. Dirisha ni mbachao. Taa moja na shuka jeupe ni mbachao mpya, na unaufaa mwili wako kabla haujaufaa mfuko wa muuza vifaa.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza "lipa", andika mahali: hii taa inatatua shida gani ambayo ile niliyonayo haiwezi, hata nikiihamisha? Ukishindwa kujaza hiyo sentensi, weka simu chini. Halafu chukua kalamu tena, andika majina ya watu wote wa kwenu walio na zaidi ya miaka 70. Weka alama kwa wale ambao wana angalau picha moja nzuri ambayo siyo ya kitambulisho. Wale waliobaki bila alama ndio wateja wako wa kwanza, na hakuna hata mmoja atakayekuuliza una taa ngapi.